Aljebra ya Mama Mkwe

Kwa miaka sita ya kwanza ya ndoa yangu, mtu angeniuliza mama mkwe wangu ana sura gani, ningemwambia akamuulize mke wangu. Nilichokijua vizuri ni miguu yake. Alivaa buti za mpira za kijani, moja ikiwa imezibwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli, na hiyo yenye kiraka ilikuwa na mlio wake ikikanyaga tope. Nilijua pia kikohozi chake. Alikuwa nacho cha aina mbili, cha kuonya na cha kukasirika. Na mkono wake wa kulia niliujua mpaka kwenye kiwiko, kwa sababu ambayo nitaieleza.

Kwetu Meru, zamani, mwanamume na mama wa mke wake hawakutazamana usoni. Hawakula pamoja, hawakuketi chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja wao alitafuta pa kujificha. Hiyo ndiyo heshima. Wengi walikuwa wamekwisha kuilegeza nilipooa. Mwanamume alipeleka mbuzi na blanketi, wazee wakasema maneno yao, na tangu siku hiyo watu wakanywa chai meza moja. Mimi nilituma habari kwamba niko tayari na mbuzi. Jibu likaja kwamba mbuzi huyo nimlishe vizuri, anenepe.

Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa adui mkubwa wa mila. Alikuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani Kibirichia, na kila alipopewa nafasi ya kusema alisimama akawaambia watu waache mambo ya giza. Nilimsikia kwa masikio yangu, nikiwa nimekaa safu ya nyuma, macho yangu kwenye kitabu cha nyimbo. Aliposhuka pale mbele, alipitia mlango wa kando ili asinikute. Jumapili moja nilisimama nje kuzungumza na mchungaji karibu na tangi la maji. Tulizungumza muda mrefu, maana mchungaji yule alipenda habari za mbolea. Ndani kwaya ilikuwa inamngoja mama mkwe, na mama mkwe alikuwa amechutama nyuma ya tangi. Mwishowe waliimba bila yeye, na wimbo ukaharibika. Alipoulizwa alikokuwa, alisema alikuwa akiomba. Nadhani ni kweli, aliomba niondoke.

Sasa niseme shida yangu, maana bila shida hiyo nisingemjua kabisa. Nilikuwa nafundisha shule ya msingi upande wa Kiirua bila kusomea ualimu. Miaka ile ya themanini tulikuwa wengi, vijana waliomaliza kidato cha nne wakapewa chaki. Ili niitwe chuo cha ualimu nilihitaji kupita hesabu, na hesabu nilikuwa nimeanguka mara mbili. Mara ya kwanza nilisema nilikuwa mgonjwa. Mara ya pili nilikuwa mzima kabisa. Mkuu wa shule aliniita ofisini, akafunga mlango polepole, nikajua hakuna jema.

"Mwalimu," akasema, "hii ni mwaka yako ya mwisho. Ukianguka tena, hiyo darasa napatia mtu mwingine. Mimi sitaki kukudanganya."

Nilikuwa na mke, Kagendo, na binti mdogo, Karimi, na mtoto wa pili alikuwa njiani. Kazi nyingine sikuijua. Shamba langu lilikuwa dogo kiasi kwamba ng'ombe akigeuka mkia wake ulikuwa kwa jirani. Niliogopa, na sikuona haya kuogopa. Nililala na ile hofu nikaamka nayo. Kufundisha nilikuweza, tena watoto walinipenda, lakini nilipewa darasa la pili tu, ambako herufi na namba bado hazijachanganywa. Zilipochanganywa ndipo mimi nilipopotea. Nikiona x karibu na tatu, akili yangu ilitoka nje kwenda kuangalia kama mvua itanyesha.

Nilivyogundua kwamba mama mkwe anajua mambo hayo, ilikuwa hivi. Nilikwenda kumsaidia baba mkwe kupanga viazi ghalani, lori lilikuwa linakuja kesho yake. Tukiwa tumesimama mbele ya magunia, mzee akaniuliza, mistari kumi na saba, kila mstari magunia manne, jumla ni mangapi. Nikafumba macho kama mtu mwenye elimu.

"Hamsini na nane," nikasema.

"Sitini na nane," ikasema sauti kutoka nyuma ya magunia.

Kumbe nilipoingia alikuwa mle ndani, akakosa pa kutokea, na alikuwa ameketi nyuma ya viazi muda wa saa nzima. Baba mkwe alitazama dari. Alifikiri kidogo, kisha akasema, "Panya ya siku hizi." Nami nikakubali kwamba ni panya, nikaaga haraka ili panya apate kutoka.

Nilipomsimulia Kagendo, alicheka mpaka akashika kiuno. Aliniambia mama yake alisoma shule ya wasichana ya misheni, bweni, na hesabu alikuwa wa kwanza kila muhula. Akatolewa kidato cha pili kuja kuolewa. Kisha Kagendo akaniangalia kwa namna ambayo mke huangalia akiwa ameshaamua jambo. Alikwenda kwao siku hiyo hiyo. Aliporudi alisema, "Mama amekubali. Jumamosi, saa nane. Lakini wewe utakaa nje."

Jiko la mama mkwe lilikuwa nyumba ya mbao peke yake, kama majiko yote ya kule, na kati ya ubao na ubao palikuwa na nafasi ya kupitisha kidole. Chini, karibu na ardhi, ubao mmoja ulikuwa umeoza ukaacha tundu la kutosha sufuria ndogo. Yeye alikaa ndani karibu na moto. Mimi nilikaa nje, mgongo kwa ukuta, kwenye kigoda. Moshi wote ulipendelea upande wangu. Kibirichia ni baridi, na Jumamosi nyingi kulikuwa na manyunyu, kwa hiyo nilisoma aljebra nikiwa nimejifunga gunia kichwani, na majirani waliopita barabarani waliniangalia wakafikiri nimefukuzwa na mke.

Jambo la kwanza alilofanya ni kuweka sheria ya lugha. Tungesema Kiswahili.

"Kimeru ni ya nyumbani," akasema kutoka ndani. "Na nyumbani kwangu wewe hujaingia. Kiswahili haina wakwe."

Nikasema, "Sawa, Mama." Huo ndio ulikuwa mwanzo wa mazungumzo yetu, baada ya miaka mitano ya ndoa.

Kila Jumamosi alianza kwa maneno. Hakugusa hesabu hata moja kabla sijayapitia maneno yote, kama mtu anayekagua panga na jembe kabla ya kwenda shamba. Alisema watu hawaanguki hesabu, wanaanguka majina ya vitu. Nilidhani ananifariji. Baadaye niliona ni kweli tupu.

"Herufi ni nini?"

"Ni kitu hatujui, Mama."

"Hapana. Ni gunia imeshonwa. Ndani iko viazi, hesabu yake mtu ameijua, lakini si wewe. Usiseme hatujui. Sema mimi sijajua."

"Ni gunia imeshonwa."

"Na hii tatu inasimama mbele ya herufi?"

"Ni gunia tatu."

"Na hii tano iko peke yake?"

"Ni viazi tano imebaki nje."

"Unaweza jumlisha tatu na tano, useme ni nane?"

Hapo nilivuta gunia langu la kichwani mpaka machoni, kwa sababu kwa miaka mingi nilikuwa nikijumlisha, tena kwa furaha. Kikohozi cha kuonya kilisikika.

"Nane ya nini, Baba Karimi? Gunia au kiazi? Ukimwambia mtu wa lori unampelekea nane, atakuja na lori au na kikapu?"

Nikaelewa. Ninawaambia ukweli, niliketi pale na gunia langu kichwani nikaelewa kitu ambacho walimu watatu wenye tai hawakuweza kunielewesha. Nilitamani kumshukuru lakini sikujua mtu humshukuruje mama mkwe kupitia ubao. Nikagonga ubao mara mbili. Akagonga mara moja, na hiyo ikawa desturi yetu.

Kuhusu ile alama ya sawasawa, mistari miwili midogo, alisema ni ukuta wenyewe. Alisukuma sufuria chini ya ubao uliooza, ikiwa na viazi, na kisu juu yake. Huo ndio mkono nilioujua mpaka kwenye kiwiko, mkono mwembamba wenye bangili ya shaba na kovu la moto. Akasema yeye ana sufuria kama hiyo huko ndani, sawa kwa sawa. Akitoa viazi vitatu kwake, nami nitoe vitatu. Akigawanya vyake mafungu mawili, nami nigawanye. Upande mmoja ukifanya kitu upande wa pili haujafanya, basi si sawa tena, mmoja amemwibia mwenzake.

"Na tukitoa, tunatoa mpaka lini?" nikauliza.

"Mpaka gunia ibaki peke yake. Gunia ikibaki peke yake upande moja, itasema."

Viazi tulivyovitoa nilitakiwa kuvimenya, ndiyo kazi ya kile kisu. Kwa hiyo nilipokuwa nikitafuta thamani ya x, chakula cha jioni cha baba mkwe kilikuwa kinatayarishwa. Nilimlalamikia Kagendo kwamba mama yake ananitumia kama kijakazi. Akasema hata yeye alisomeshwa hivyo hivyo kusoma na kuandika, lakini kwa njegere, na njegere ni ndogo zaidi.

Mabano alinifundisha kwa punda. Nilikuwa na kosa moja sugu: nikiona mbili nje ya mabano, na ndani gunia moja na tatu, nilizidisha gunia tu nikaiacha ile tatu ilivyo. Nilimpitishia karatasi.

"Baba Karimi. Hii mbili ni punda ngapi?"

"Mbili, Mama."

"Na kila moja imebeba nini?"

"Gunia moja na kabichi tatu."

"Zikifika soko, kuna gunia ngapi?"

"Mbili."

"Na kabichi?"

Nikaangalia karatasi yangu. Palikuwa na kabichi tatu. Nikasema kwa sauti ndogo, "Tatu."

"Kwa hivyo punda ya pili imekula kabichi njiani na mwenyewe akiona?"

Wiki ile nzima kila nilipokutana na punda nilimtazama vibaya.

Hakuwa mpole, na hilo nalo lilinishangaza. Yule mtu ambaye kwa heshima alikuwa radhi kuruka kwenye upupu ili asinione, kupitia ubao alinitukana bila kupumua. Aliniita kichwa cha kabichi. Alisema Karimi angekuwa na akili za kutosha kama asingenirithi mimi. Nikipata jibu, kiazi cha kuchoma kilitoka chini ya ubao, moto, kimefutwa majivu. Nikikosa, kilitoka kile cha jana. Kagendo alijua jinsi nilivyofanya kwa kunitazama midomo tu, kama imeungua au la.

Lakini hata yeye alikuwa na mahali ambapo hakupita, na karibu paniue. Hakuamini namba hasi. Katika shule yake alizisikia, akazikataa, na kwa kuwa alipata alama nyingi bila hizo, hakuna aliyemsumbua. "Hakuna kiazi chini ya hakuna kiazi," alisema. "Ukifika hakuna, umefika." Jibu likitoka hasi alisema swali lina makosa, limetungwa na mtu wa mjini. Nami nilimwamini. Ningekosaje kumwamini mtu aliyenifundisha punda?

Wiki saba kabla ya mtihani, nilimwomba mwalimu mmoja wa shule ya sekondari anipe karatasi ya majaribio. Nilifanya vizuri sana mpaka nilipofika majibu ya hasi. Yalikuwa matano. Mahali pote pale niliandika, kwa mwandiko mzuri, "Swali hili lina makosa." Yule mwalimu alirudisha karatasi akiwa ameandika kwa kalamu nyekundu: "Nani alikufundisha hivi?" Nilianguka kwa alama chache, na zote zilikuwa pale.

Sijawahi kuogopa kama siku niliyokwenda kumwambia. Kumkosoa mama mkwe, tena kwa jambo lake, na mimi ni kijana aliyemwoa binti yake bila hata kupita hesabu. Niliketi kwenye kigoda, nikasema na ukuta. Nilimweleza kwamba hasi zipo, kwamba mtihani unazitaka, na kwamba nikizikosa napoteza darasa langu. Nilisema mambo hayo vibaya, kwa kurudia rudia. Huko ndani nilisikia maji yakimwagwa juu ya moto. Moshi uliokuwa ukinitoa machozi miezi yote ile ukakatika, na machozi yakaendelea kutoka.

Jumamosi iliyofuata jiko lilikuwa limefungwa. Iliyofuata tena, vilevile. Kagendo alikwenda kwao akarudi akisema mama yake hasemi na mtu, anazunguka shamba akihesabu kwa vidole. Nilianza kuuliza watu kama kuna kazi ya kupakia viazi.

Kisha siku moja ya katikati ya wiki, nikitoka shule, nilishika ile njia nyembamba inayopita kati ya nyua mbili za michongoma. Nikasikia ile buti yenye kiraka. Alikuwa anakuja mbele yangu, mzigo wa kuni mgongoni. Pa kuruka hapakuwapo, michongoma kulia na kushoto. Mimi niligeukia ua nikaweka uso kwenye miiba, kama inavyotakiwa. Yeye alianza kurudi kinyumenyume, na kuni zake, buti ikipiga tope hatua kwa hatua, mpaka akafika kwenye lango la jirani akapotelea huko. Nilingoja kidogo nikaendelea na safari, nikiwa na mwiba kwenye pua.

Jumamosi hiyo moshi ulikuwa unatoka. Nilikaa kwenye kigoda.

"Baba Karimi. Juzi kwa njia uliniona?"

"Sikukuona, Mama."

"Ulisikia?"

"Nilisikia buti."

"Ilipiga ngapi?"

Kwa kweli nilikuwa nimezihesabu, sikuwa na la kufanya pale kwenye miiba. "Tisa," nikasema.

"Ikienda wapi?"

"Ikirudi nyuma."

"Basi sikusimama. Na sikuenda mbele. Nilienda tisa, na hiyo tisa ni ya kweli kabisa, miguu yangu inauma mpaka leo. Lakini si tisa ya kwenda soko." Akakoroga kitu kwenye chungu. "Kiazi haina hasi. Hiyo sitaki kusikia. Lakini mtu iko nayo. Anaweza kwenda chini ya pale alikuwa."

Nikagonga ubao mara mbili.

"Usinigongee," akasema. "Leta hizo tano umekosa."

Tulifanya hasi kwa majuma manne, mvua ikituangukia, na sehemu kubwa nilifanya kwa miguu. Aliniamuru nitembee pale uani: mbele tano, nyuma nane, uko wapi? Nyuma tatu, na nyuma nne tena, uko wapi? Baba mkwe alitoka nje akaniona nikirudi kinyumenyume kuelekea banda la ng'ombe, peke yangu, nikihesabu. Aliingia tena ndani akafunga mlango.

Mtihani niliufanyia Kiirua. Swali la sita lilisema mara mbili x, ongeza kumi na saba, ni sawa na tano. Nilitoa kumi na saba pande zote, nikagawanya, na jibu likatoka hasi sita. Sauti ya zamani iliniambia swali lina makosa, limetungwa na mtu wa mjini. Nikafikiria njia ya michongoma, nikaandika hasi sita, nikapiga mstari chini yake mara mbili.

Majibu yalipotoka nilitembea kutoka Kiirua mpaka Kibirichia bila kungoja gari, kwa sababu sikuweza kukaa. Nilikuwa nimepita. Si kwa kishindo, ila nilipita, na jina langu lingekwenda chuoni. Kwenye kona ya mwisho kabla ya boma nilikutana naye uso kwa uso, debe la maji kichwani. Hakuruka. Nadhani alisahau, au alikuwa akinisubiri pale tangu asubuhi.

"Imekuwaje?" akasema.

"Nimepita, Mama."

Ndipo nilipoona uso wake. Alikuwa na macho makubwa na pengo la meno ya mbele, na alikuwa akitabasamu. Alinitazama toka juu mpaka chini, taratibu, miaka sita yote kwa mara moja.

"Kumbe wewe ni mfupi hivi," akasema. Kisha akakumbuka, akaingia kwenye shamba la viazi la jirani na debe lake, na maji yakamwagika njia nzima.

Mwaka huo alikubali mbuzi. Wazee walisema maneno yao, nikampa blanketi kwa mikono miwili, na tangu hapo tulikaa chumba kimoja, ingawa aliendelea kuzungumza nami akiangalia dirisha. Mimi nilikwenda chuo, nikasoma zaidi, na nikaishia kufundisha sekondari kule Embu kwa miaka mingi. Nilifundisha hesabu. Watu walionijua zamani wakisikia hivyo hudhani ni mzaha.

Miaka michache iliyopita nilimpitia Kibirichia, Kagendo akiwa ameniacha pale kwenda kumwona shangazi yake. Mzee alikuwa ametangulia mbele ya haki. Mama mkwe alikuwa peke yake sebuleni, magoti yamemchoka, sweta mbili mwilini. Alinitengenezea chai, akakaa, na mara hii hakuangalia dirisha.

"Nataka kukuuliza kitu na usicheke."

"Siwezi kucheka, Mama."

"Ile siku baba yangu alikuja kunitoa shule, mwalimu alikuwa ameandika kwa ubao kichwa ya somo ya kesho. Ilikuwa na herufi, na juu yake mbili ndogo imekaa pembeni. Mimi niliiangalia nikibeba sanduku. Mpaka leo sijajua ilikuwa nini."

Nilitoa karatasi kwenye mkoba. Nilimwambia ile mbili ndogo inasema herufi imezidishwa kwa yenyewe. Nikamwandikia mlinganyo mmoja, nikamwonyesha jinsi ya kuupasua katika mabano mawili, na jinsi kila bano linavyotoa jibu lake. Jibu moja lilikuwa tano na la pili hasi tatu.

"Majibu mbili?"

"Mbili, Mama."

"Herufi moja? Hiyo si tabia nzuri."

Lakini aliinama juu ya karatasi. Alirudisha jibu la kwanza ndani ya mlinganyo, akarudisha la pili, na yote yakakubali. Alikaa akiyatazama. La pili alilifanya mwenyewe, nikimwelekeza kidogo. La tatu alilifanya bila mimi, na chai yangu ilikuwa bado ina joto. Katika la nne nilikosea alama fulani nilipokuwa nikiandika, akakohoa, na nikalirekebisha. Tulifanya kama kumi hivi. Kisha aliweka kalamu chini.

"Ni hayo tu?"

"Somo hilo ni hilo tu, Mama."

"Mimi nilifikiri ni kitu kubwa," akasema. "Miaka hii yote nilikuwa nafikiri wale wasichana waliobaki walionyeshwa kitu kubwa sana."

Nilitazama saa ya ukutani. Tulikuwa tumetumia muda usiozidi saa moja na nusu. Nilihisi uchungu ambao sikuwahi kuuhisi kwa ajili ya mtu mwingine yeyote, na hasira pia, na sikujua nimkasirikie nani kwa sababu wote waliohusika wamekwisha kufa. Nilitaka kumdanganya, nimwambie ndiyo, walionyeshwa kitu kikubwa, hakikuwa cha mchana mmoja. Lakini yeye hajawahi kunidanganya.

"Baada ya hapo kuna nini?" akauliza.

"Kuna mengine, Mama. Yako mengi."

Alisogeza kiti chake karibu na changu, akanirudishia kalamu.

"Basi andika," akasema. "Na usiniwekee rahisi."